Mpima Mionzi na Mwalimu wa Nyanda za Kati

Katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi, mwanasayansi huletwa mbele ya watoto kama mtu aliyegundua kitu. Newton aligundua hiki, Marie Curie akagundua kile, na baada ya jina na mwaka somo huisha. Mtoto hutoka darasani akiamini kwamba sayansi ni bahati iliyowaangukia watu wachache wa nchi za mbali, tena zamani, na kwamba kwake yeye imebaki kazi ya kukariri. Sisi twaona kuwa picha hiyo ni haba popote inapotumiwa. Kwa watoto wa Dodoma na Singida ina hasara zaidi, maana katika nchi yao kuna jambo la sayansi linalowahusu wao na wazazi wao, nalo halihitaji mgunduzi. Lahitaji mpimaji.

Jambo lenyewe ni urani. Mwamba uliotandazwa chini ya nyanda hizi ni matale ya kale sana, ya umri unaozidi miaka milioni 2,500, na matale kwa desturi yake huwa na urani, thoriamu na potasiamu kwa viwango vidogo vidogo. Mvua inyeshapo juu ya miamba hiyo, maji huyeyusha chembe za urani na kuzichukua kidogo kidogo hadi mabondeni. Sasa mwanachuo atazame ramani. Mto Bubu hauendi baharini. Huishia katika kinamasi cha Bahi. Maji yafikapo huko hayana njia ya kutokea, jua la kiangazi huyakausha, na kilichobebwa hubaki katika udongo wa mfinyanzi na chokaa. Kwa njia ile ile Wagogo walivyopata chumvi yao katika ardhi ya mbuga, ndivyo urani ilivyojilimbikiza Bahi na Manyoni. Twapenda sana mfano huu kwa sababu mtoto aliyeona maji ya chumvi yakikauka katika sahani ameona tayari nusu ya jiolojia ya wilaya yake.

Kati ya 1976 na 1979 nchi yetu ilipimwa kwa ndege zilizobeba vyombo vya kuhisi miamba, na baada ya hapo kampuni ya Kijerumani ikafuatilia dalili za urani katika sehemu mbalimbali. Miaka ya 2000 kampuni kutoka Australia ilichimba mashimo ya uchunguzi katika maeneo ya Bahi na Manyoni. Mgodi haukufunguliwa. Walakini habari zilienea, na maswali yakaenea pamoja nazo. Je, mpunga wa Bahi unalika? Samaki je? Maji ya kisima? Maswali hayo hayakomei barazani kwa watu wazima. Huingia darasani pamoja na watoto, na mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya kijiji cha huko hana budi kuyajibu siku moja, pengine katika wiki yake ya kwanza.

Twajua majibu mawili ambayo mwalimu hushawishika kuyatoa. La kwanza ni kusema hakuna hatari yoyote, watoto wakae kwa amani. La pili ni kusema kwamba urani ndiyo iliyotengenezewa bomu la Hiroshima, 1945, na kwa hiyo watu wa Bahi wamekalia bomu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya jirani zetu wa Kongo. Lakini kati ya mwamba wa Shinkolobwe na bomu palikuwa na viwanda vikubwa na maelfu ya wafanyakazi, na udongo wa Bahi hauwezi kulipuka hata ukichomwa moto mwaka mzima. Majibu yote mawili yana kasoro moja: aliyeyatoa hakupima, wala hakuuliza nani amepima. Amewafundisha watoto kuamini ama kuogopa kwa kutegemea sauti ya mwalimu.

Swali linalopaswa kufundishwa ni fupi: kiasi gani?

Na hapa ndipo twataka mwalimu mtarajiwa amfahamu mtu wa aina nyingine, asiyeimbwa katika vitabu. Tumchukue Wilson Muhogora, mtafiti wa Kitanzania ambaye kazi zake nyingi zilizochapishwa zahusu upimaji wa dozi ya mionzi. Nchi yetu ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria ya kujikinga na mionzi ikatungwa 1983 na kuanzisha Tume ya Taifa ya Mionzi. Na sheria ya 2003 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara zake Arusha. Katika chombo hicho Muhogora na wenzake walijishughulisha na swali ambalo halina fahari hata kidogo: mgonjwa anapopigwa picha ya eksirei katika hospitali zetu, hupata mionzi kiasi gani, na je, kiasi hicho kingeweza kupungua bila kuiharibu picha?

Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ambayo jina lake lilitangulia majina ya wenzake wengi. Ilihusu hospitali 45 katika nchi 12 za Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki. Walipima dozi, wakakagua picha. Mahali pengine picha zilizohesabiwa kuwa mbovu zilifikia asilimia 53. Mwanachuo aitafakari hesabu hiyo. Picha mbovu haimsaidii daktari, kwa hiyo mgonjwa hurudishwa kupigwa nyingine, naye hupata mionzi mara ya pili kwa faida ya mara moja. Dozi zenyewe zilitofautiana mno kati ya hospitali na hospitali. Baada ya mashine kurekebishwa na watumishi kuelekezwa, picha zikawa bora na dozi za wengi zikapungua. Hakuna kilichogunduliwa katika kazi hiyo kwa maana ya vitabu vyetu. Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Lakini wako watu waliopata mionzi michache kuliko ambayo wangepata, na hawatajua kamwe kuwa ni wao. Sisi twaihesabu kazi hiyo kuwa sayansi kamili, na twadhani mtoto wa darasa la sita aweza kuielewa kwa urahisi kuliko sheria za mwendo.

Je, mionzi hupimwaje, ilhali haionekani, hainuki, wala haiumi inapopita? Yafaa mwalimu aijue njia moja vizuri kuliko kuzitaja kumi. Wako wafanyakazi wa hospitali na viwanda wanaovaa kifuani beji ndogo. Ndani ya beji mna kipande cha chumvi fulani ya madini, aghalabu floraidi ya lithiamu, kidogo kama punje ya mahindi iliyobanwa. Mionzi inapokipiga, sehemu ya nguvu zake hunaswa ndani ya fuwele na kukaa humo, wiki hata miezi. Muda ukitimia beji hurudishwa maabara. Huko kipande hupashwa moto hadi nyuzi mia mbili na zaidi, nacho hutoa mwanga hafifu, ambao chombo maalumu huuhesabu. Mwanga mwingi, dozi kubwa. Mwanga kidogo, dozi ndogo. Baada ya kupashwa moto kipande huwa kimesahau yote, chaweza kuvaliwa tena. Kwa mtoto, hicho ni kijiwe kinachokumbuka.

Lakini mwanga ule ni namba tu mpaka pawe na namba nyingine ya kuulinganisha nao. Hapa twaomba mwalimu asiruke haraka, maana hiki ndicho kiini cha kazi nzima ya mpima dozi, nacho ndicho walimu wengi hukipita. Mkulima wa mpunga wa Bahi anaijua lumbesa. Anajua kwamba gunia lililoshonewa kilemba si gunia, na kwamba debe la mnunuzi laweza kuwa limetanuliwa kwa nyundo. Ndiyo sababu serikali ina watu wa vipimo wanaozunguka na mawe ya mizani yaliyohakikishwa, na mawe hayo nayo yalilinganishwa na mengine yaliyo bora zaidi. Mionzi ina mpango huo huo. Chombo cha hospitali hulinganishwa na chombo cha maabara ya Arusha. Cha Arusha hulinganishwa na vya maabara ya Shirika la Kimataifa huko Seibersdorf, Austria. Na mnyororo huendelea hadi kwenye vipimo asilia vya dunia. Pingu moja ikikatika, kila namba iliyo chini yake ni lumbesa. Mtafiti wa fani hii hutumia siku nyingi za maisha yake kuhakikisha tu kwamba chombo chake kinasema kweli, kabla ya kukiuliza neno lolote kuhusu dunia.

Kutoka maabara, kazi huenda shambani. Mwaka 2000 Firmi Banzi pamoja na wenzake wawili walichapisha vipimo vya machimbo ya fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Hawakupima mwamba peke yake. Walichukua mabaki ya machimbo, majani, mboga zinazoliwa, maji, hata chakula cha kuku, kwa sababu mionzi humfikia mtu kwa njia ya mdomo wake pia. Fosfati ile ilionekana kuwa na radiamu nyingi kupita udongo wa kawaida, jambo lenye maana kwa wanaoichimba na kuisaga.

Mwaka 2013 Najat Mohammed na Mohamed Mazunga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa kijiji cha Likuyu, jirani na urani ya Mkuju, kusini mwa nchi. Sampuli 30 za udongo na 20 za maji. Wastani wa urani, thoriamu na potasiamu katika udongo ulizidi wastani wa dunia. Hata hivyo dozi waliyoikadiria kwa mwaka ilikuwa chini ya mpaka uliowekwa kwa wananchi. Twautaja utafiti huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba maneno “juu ya wastani” na neno “hatari” si ndugu wa tumbo moja. Darasani huchanganywa kila siku, na magazetini zaidi. Pili, ulifanywa kabla mgodi haujaanza kazi. Mgodi ukianza, na mtu akilalamika baada ya miaka 10 kwamba maji yameharibika, kutakuwa na namba ya kulinganisha. Bila ya namba hiyo mlalamikaji na mwenye mgodi wangebaki kubishana kwa sauti, na tunajua ni nani mwenye sauti kubwa.

Udongo na maji ya Bahi pia umewahi kupimwa na watafiti wa Kitanzania. Mgodi haujafunguliwa. Maana yake ni kwamba nafasi ya kupima kabla ya kuchimba ingali wazi, na watakaokuwa watu wazima siku hiyo itakapofika, wakiulizwa kukubali au kukataa, ni hawa walioketi sasa madarasani. Ikiwa walifundishwa kuuliza kilichopimwa, kwa chombo gani, lini, na nani, mkutano wa kijiji utakuwa mkutano. Kama hawakufundishwa, utakuwa ugomvi wa wenye hofu na wenye ahadi.

Tutaambiwa kwamba haya ni makubwa kwa shule ya msingi, na kwamba shule zetu hazina chombo hata kimoja cha kuhesabu mionzi. La pili ni kweli. La kwanza hatulikubali. Tabia ya mpimaji yaweza kujengwa kwa bati. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kila milimita huthaminiwa. Mwalimu na achukue kopo lenye kuta zilizonyooka, aliweke mahali pa wazi, na asubuhi baada ya mvua awaagize watoto watano wapime kina cha maji yale yale kwa rula ile ile, mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akiandika bila kuonyesha wenzake. Majibu hayatafanana. Mwalimu mwenye haraka atauliza nani amekosea. Tunamsihi asiulize hivyo. Aulize kwa nini yametofautiana, yametofautiana kwa kiasi gani, na tungeandika nini iwapo kijiji kingetaka namba moja. Watoto wakizoea kwamba kila kipimo kina mashaka yake, na kwamba mashaka hayo huandikwa bila aibu, wamekwisha jifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Jingine ni vifuniko vya soda. Kusanya 100, vitikise ndani ya sinia, vimwage, kisha ondoa vyote vilivyolala kifudifudi. Hesabu vilivyobaki, andika, tikisa tena. Hakuna awezaye kusema kifuniko gani kitaondoka safari ijayo, lakini kundi zima hupungua kwa mpango unaojirudia. Na ndivyo atomu nururifu zipunguavyo. (Kifuniko si sarafu, huenda kikapenda upande mmoja, kwa hiyo si lazima inusurike nusu kamili. Afadhali watoto waligundue hilo wenyewe kwa kuhesabu kuliko kuambiwa.) Darasa likigawanywa makundi manne, kila kundi litapata mchoro wake, na michoro yote itafanana bila kulingana. Kwa kipindi kimoja mtoto atakuwa ameigusa fizikia ya nyuklia kwa mikono, gharama ikiwa ni kwenda kuokota vifuniko dukani.

Juu ya lugha tuna neno. Kiswahili kinatusaidia hapa na kinatutega pia. “Mionzi” twaitumia kwa jua la asubuhi, kwa eksirei na kwa kile kitokacho katika urani, na mtoto asipotenganishiwa ataogopa jua au atapuuza radiamu. Mtego mkubwa zaidi ni “dozi”. Kila mtoto ameambiwa na mama yake amalize dozi. Dozi ya dawa humalizwa. Dozi ya mionzi hupunguzwa kadiri iwezekanavyo, maadam kazi iliyokusudiwa imefanyika. Mwalimu aseme hivyo waziwazi, pengine mara mbili.

Namba chache zitamsaidia mwalimu kusimama imara. Dozi hutajwa kwa milisiveti, kipimo kilichopewa jina la Rolf Sievert wa Sweden. Mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka katika maumbile yenyewe: ardhi, anga, chakula, na zaidi ya vyote gesi ya radoni inayotoka udongoni na kukusanyika ndani ya nyumba zisizopitisha hewa. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mionzi ya anga kidogo zaidi kuliko Dar es Salaam. Ndani ya mwili wa mtu mzima wa kilo 70 atomu zaidi ya 4,000 za potasiamu huvunjika kila sekunde, naye hulala usingizi wake vizuri. Mwananchi asiongezewe zaidi ya 1 kwa mwaka kutokana na shughuli za viwanda na migodi. Mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa 20. Mwalimu asiyajaze haya yote ubaoni. Ayaweke mfukoni, kwa siku atakapoulizwa.

Neno moja juu ya jinsia, kwa kuwa tumekwisha mtaja Profesa Najat Mohammed. Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi kopo la mvua likishikwa na mvulana huku msichana akipewa daftari. Kazi zote mbili ni za sayansi, lakini wabadilishane kila siku, na mwalimu awe na orodha ya zamu ukutani badala ya kutegemea nani amenyosha mkono.

Na iwapo shule iko karibu na hospitali yenye chumba cha eksirei, mwalimu aombe ruhusa awapeleke watoto saa ambayo hakuna wagonjwa. Mashine yenyewe haitawafundisha mengi, kwa kuwa imefunikwa. Wamtazame mtumishi wa chumba hicho, watafute beji kifuani pake, na mmoja wao, aliyechaguliwa mapema na kufanya mazoezi ya kuuliza kwa adabu, aulize: “Shikamoo. Beji hii hupelekwa wapi kusomwa, na mara ya mwisho majibu yalirudi lini?”